Muhuri wa Ndala

Miaka thelathini na moja niligonga muhuri
ofisi ya kata, dirisha la pili, pazia la kijani.
Barua ya mwenyekiti ipo? Picha mbili zipo?
Basi rudi Jumatatu.
Mkono wa kulia bado unaukumbuka mdundo ule:
wino, karatasi, du.
Wino, karatasi, du.

Sasa nimestaafu, na Wendo, binti wa kaka yangu,
ananivuta kwenye bustani ya miti nyuma ya Kilimani,
simu kiganjani, nukta ya bluu ikitutangulia
kama mbwa anayeijua njia.
Shangazi, kuna kopo limefichwa humu.
Nani kalificha?
Hajulikani.
Ndani mna nini?
Daftari.
Nikacheka hadi nikashika mti.
Nimelikimbia daftari mjini, limenifuata porini!

Ilikuwa Julai, upepo wa Dodoma hauna adabu,
unakufunua kanga mbele za watu.
Tulipofika kwenye mawe nukta ikaanza kulewa,
huku, kule, ikarudi nyuma, ikatulia juu ya kichuguu.
Wendo akazima simu, akasoma fumbo:

*Mtafute mama wa jiwe aliyebeba mwana wa jiwe.
Mwana halii. Msalimie,
kisha piga hatua kumi na tisa
kuelekea jua linakokwenda kulala.*

Hatua za nani?
Zangu, za goti bovu, ziliishia kwenye mwarobaini.
Za Wendo zilipita mpaka kwenye mgunga
ukamng'ang'ania sketi kama mdai.
Tukabishana. Mlinzi akapita na baiskeli yake,
Mbukwenyi, akasema,
nasi tukajifanya tunatazama ndege,
na ndege hata mmoja hakuwepo.

Lilikuwa katikati yetu, chini ya jiwe bapa:
kopo la maziwa ya unga
limefungwa mpira wa ndani wa baiskeli.
Shanga tatu, kifungo cha koti, penseli fupi kama jino,
na kisigino cha ndala kilichochongwa kwa wembe:
kanga, yule wa madoa,
si yule wa mafumbo.
Wino wake zambarau, kama midomo ya watoto
msimu wa zabibu kule Hombolo.

Kanuni ni hii, Wendo akasema:
wao wanakugongea kwako, wewe unawagongea kwao.
Lakini muhuri wangu niliukabidhi siku ya mwisho,
kwa saini, pamoja na funguo na kiti.

Nikafunua kurasa.
Kinyonga. Nge. Kichwa cha treni.
Mmoja alichonga kiazi, na kiazi kikasinyaa,
nyota yake ina pembe tatu na nusu.
Halafu ukurasa mtupu, na chini kabisa,
pembeni, kama anayeomba radhi,
dole gumba.
Bila jina.

Nikamkumbuka Mbeleje, mjane wa Nkuhungu.
Mara nne nilimrudisha,
barua yake haikuwa na tarehe.
Mara ya tano hakuja.
Dole gumba lake lilikuwa na kovu la jembe katikati,
nililiona kila nilipomshikia mkono kwenye wino.
Hili halina kovu.
Nimeliangalia mara mbili, kwa miwani na bila miwani.
Halina.

Wendo akaniita. Jua lilikuwa limeshagusa miiba.
Nikalowesha dole gumba langu,
nikaligandamiza kando ya lile jingine,
taratibu, bila du.
Hakuna aliyeniuliza kitambulisho.
Andika jina basi, Shangazi.
Nikaandika tarehe.
Siku, mwezi, mwaka, kwa mwandiko wa ofisini.

Kopo tumelirudisha, usiniulize wapi.
Mama wa jiwe yupo, na mwanawe bado halii.
Hatua ni zako.